Mchango wa Jua

Bi Alima aliamshwa na fagio. Kulikuwa bado giza, muadhini hajakohoa, na nje ya dirisha fagio la chelewa lilikuwa likipita juu ya mchanga, chaa, chaa, linapumzika, kisha chaa tena. Kwa miaka mingi fagio la kwanza katika uwanja ule lilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Alijilaza akasikiliza, akajua kwamba anayefagia hakupata usingizi. Mtu aliyelala vizuri huanzia mlangoni akaenda nje, lakini huyu alikuwa akirudia pale pale, kama anayetafuta sindano.

Alikuwa mjukuu wake, Zuleica. Marehemu mtoto wake wa kiume ndiye aliyemwachia binti huyo, naye akamlea kwa uji, visamvu na dua mpaka akamfikisha shule ya bweni kule Pemba, mji mkuu wa jimbo lao, si kisiwa, akiwa na miaka kumi na miwili. Kutoka Pemba alikwenda Maputo, na kutoka Maputo akaenda Ureno. Sasa ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu apate udaktari, si ule wa sindano, ni ule wa vitabu. Bairro zima, mtaa wao wote, lilijua anachosomea. Wengine walisema ni atomu, lakini wengi walisema tu kwamba Zuleica wa Bi Alima anatengeneza jua.

Na kweli hawakuwa mbali. Zuleica mwenyewe alikuwa amemweleza bibi yake kwamba jua huwaka kwa sababu chembe ndogo mno hubanwa pamoja hadi zikaungana, na zikiungana hutoa nguvu. Watu wenye elimu wanataka kuufanya moto huo hapa chini, ndani ya chombo cha chuma chenye umbo la pete, na chembe zenyewe hutolewa kwenye maji ya bahari. Bi Alima hakushika yote, ila hilo la bahari alilishika na akalipenda. Alilirudia kwa kila aliyepita kununua maandazi.

Tatizo lilikuwa malipo. Waliokuwa wakimlipia bolsa, fedha za masomo, waliandika barua ya adabu kwamba serikali yao imepunguza kutoa, na mwaka wa mwisho hawatauweza. Zuleica alikuja nyumbani kwa majuma matatu akiwa na barua ile kwenye mkoba. Ndipo Aiuba, katibu wa bairro, kwa mapenzi yake tu, alipofanya alilolifanya. Kila mwaka kampuni ya gesi ilitoa fungu kwa kila bairro la pwani, na watu wenyewe walichagua jambo moja la kulifanyia. Jambo moja, si mawili. Wanawake wanaovuna chumvi walikuwa wameomba ghala miaka mitatu mfululizo, maana masika yaliyopita yalinyeshea magunia yao mpaka chumvi ikarudi kuwa maji. Mwaka huu ilikuwa zamu yao, hakuna aliyebisha. Na katika karatasi ya maombi, chini ya neno ghala, Aiuba akaandika jina la Zuleica.

Mkutano ulifanyika juzi, katika darasa lililoezekwa mabati mapya. Dona Rosita, mkaguzi wa fungu lile, alitoka Pemba na daftari lake. Zuleica aliweka kompyuta mezani, akaangaza picha ukutani, akasimama yeye mwenyewe kujiombea.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pwani ile mtu hajiombei mchango. Bibi harusi hukaa ndani, na jambo lake husemwa na mtu mwingine, tena asiye wa nyumba yake. Anayejisemea huonekana kama hana watu, au kama anawadharau alio nao. Zuleica aliondoka mdogo, hakuyakuta hayo. Bi Alima aliyajua tangu utoto, lakini alidhani mambo ya atomu hufuata desturi za shule. Kosa lilikuwa lake, na alilijua kabla mjukuu wake hajafika nusu ya maneno. Tena katika karatasi za fungu iliandikwa kwamba mwombaji aeleze faida kwa jamii, basi Zuleica akasema kwamba katika miaka kumi umeme utakuwa rahisi kwa wote. Wanawake wakavuta khanga zao wakatazama vidole vya miguu. Hakuna aliyemtusi, na heri wangemtusi. Bi Haula peke yake, mkubwa wa wavuna chumvi, ndiye aliyeuliza kama umeme huo utamwanikia chumvi yake masika haya. Watu wakacheka. Dona Rosita akafunga daftari, akasema kwa upole kwamba watakutana tena Alhamisi waamue.

Leo ilikuwa Jumanne. Bi Alima aliinuka, akaswali, akamimina chai. Zuleica alikuwa amekwisha kufagia uwanja, amechota maji, na amempangia bibi yake viatu mlangoni vikitazama nje ili asihangaike kuvigeuza. Bi Alima aliviona viatu vile, moyo wake ukajaa.

Zuleica alisema kwamba ameamua kumwambia katibu alifute jina lake. Hawezi kuwanyang'anya kina mama ghala. Atatafuta kazi Maputo, na jua litatengenezwa na wengine.

"Kunywa chai," Bi Alima akamwambia. "Jina halifutwi kabla ya Alhamisi."

Akavaa viatu vyake akaenda majarubani.

Majaruba ya chumvi, vile vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari, yako nyuma ya mikoko, bapa na meupe. Bi Haula alikuwa amesimama katikati na reki yake ya mti, mrefu, mkavu, kitambaa kimefungwa kichwani kama kilemba. Walikuwa wa rika moja. Mwaka mji ulipokimbiwa kwa vita, wakiwa njiani kwa miguu kuelekea bara, Haula alimbebea Alima mkeka siku mbili bila kuombwa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuutaja mkeka ule. Lakini ulimi wake ulikuwa ule ule.

"Karibu, mama wa jua," alisema bila kugeuka. "Umekuja kulipima ghala langu, uone kama linaenea ndani ya kompyuta?"

"Nimekuja kukuomba neno."

"Sema."

Bi Alima aliketi chini, pale pale kwenye udongo wenye chumvi, na khanga yake nzuri. "Nataka umsemee mjukuu wangu Alhamisi."

Haula alicheka mpaka akaegemea reki. Alisema mji mzima una watu, wako masheha, wako walimu, yuko Aiuba mwenye mdomo wa bure, na Alima ameona amfuate mwenye ghala. Tangu lini panya akamwombea paka maziwa?

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Bi Alima akasema. "Wewe si wa nyumba yangu, na hulitaki jambo hili. Ukikataa, utakuwa umekataa kwa haki. Ukikubali, hakuna atakayesema ulinunuliwa. Mtoto alijisemea kwa sababu sikumfundisha. Nisaidie kumrudishia heshima yake, hata kama bolsa haitapatikana."

Haula aligeukia chumvi yake. Alivuta reki mara moja, lundo dogo la chumvi likaja mguuni pake, akalitazama.

"Simsemei bibi harusi nisiyemjua," alisema mwisho. "Alete miguu yake hapa kesho. Asivae viatu. Na ya miaka kumi aiache huko huko ukutani."

Jumatano Zuleica alikwenda pekupeku, na Bi Alima akafuatana naye, akakaa kando chini ya kibanda cha makuti akashona mkeka. Haula alimpa mtoto reki bila kumwamkia. Walifanya kazi mpaka jua likapanda, na mikono ya Zuleica, iliyozoea kalamu, ikaanza kutoka malengelenge. Haula akaona. Akafungua pindo la khanga yake, akatoa kitambaa, akamfunga kiganja huku akimwambia kwamba reki haishikwi kwa mkazo wa mtu anayezama.

Ndipo akaanza kuuliza. Kwanza aliuliza ni nani wanaolipia mambo hayo ya jua, maana mkutanoni aliona bendera nyingi ukutani na hakuelezwa.

Zuleica alieleza kwamba ni mataifa mengi kwa pamoja, hata yale yanayogombana kwa mengine. Kuna chombo kikubwa mno ambacho hakuna nchi moja iliyotaka kukibeba peke yake. Huyu huleta sumaku, huyu chuma, huyu mafundi.

"Kama karamu," Haula akasema. "Huyu mchele, huyu samli, huyu kuni."

"Ndivyo, bibi. Na fedha zenyewe ni za watu wa kawaida wa nchi hizo, wanaokatwa kodi. Wengi wao hawajui kwamba wanachangia. Siku hizi matajiri nao wameingia na vyombo vyao wenyewe. Hao wana haraka."

"Haraka ya nini?"

"Wawe wa kwanza."

"Wakiwa wa kwanza, watatuuzia."

"Huenda."

Haula aliguna. "Na huyu wa gesi? Mwenye duka la mafuta ya taa anamlipia mtu anayewasha jua?"

Zuleica alicheka, mara ya kwanza tangu mkutano. Alisema hata yeye alijiuliza. Labda mwenye duka anajua kwamba mafuta yake yataisha siku moja.

"Au anajua jua lako haliwaki upesi."

"Na hilo linawezekana, bibi."

Bi Alima aliinua macho kutoka kwenye mkeka. Alimjua Haula miaka sitini, akaona taya lake limelegea kidogo. Haula hakuwahi kumpenda mtu mwenye jibu la kila kitu.

"Basi litawaka lini?"

Zuleica alisimama, akapangusa uso kwa mkono uliofungwa kitambaa. Alimtazama bibi yake kule kibandani kabla hajajibu, kama anayeomba radhi. "Sijui. Limekwisha kuwaka kidogo kidogo, sekunde chache, dakika chache, likazimika. Kuwaka likapika chai ya mtu, sijui. Huenda bibi yangu asilione. Huenda mimi nikaliona nikiwa mzee kama..."

"Kama mimi. Sema tu, sikuwaficha uzee."

"Ya miaka kumi niliisema kwa woga," Zuleica akasema. "Nilidhani nikisema kweli mtaninyima."

Haula alimwuliza sasa kazi yake yeye ni ipi katika karamu hiyo, maana si kila mtu anakoroga chungu. Zuleica akaeleza kwamba moto ule hauguswi na kitu, sumaku huuzuia usifike ukutani. Hakuna chombo cha kupima kinachoweza kuingizwa ndani kikatoka salama. Yeye hutazama mwanga wake kupitia kidirisha. Kwa rangi za ule mwanga hujua joto limefika wapi, na karibu ataweza kujua, kabla, kwamba moto unataka kuvurugika. Akijua mapema, wenziwe watauwahi.

Haula aliiweka reki chini. Alimshika mkono akampeleka kwenye jaruba la mwisho, ambalo maji yake yalikuwa bado hayajakauka. Akamwambia atazame bila kugusa. Juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba, nyeupe upande mmoja, na upande mwingine yenye wekundu kidogo.

"Huku kwenye wekundu ukivuna leo, chumvi itakuwa chungu. Huku nitavuna kesho asubuhi, si jioni. Mama yangu alinipiga miaka miwili mpaka macho yangu yakajua."

Zuleica alichuchumaa hapo muda mrefu. Aliuliza wekundu huanzia wapi, ukingoni au katikati, na upepo ukigeuka huwaje, na Haula akajibu kila swali. Mwisho akachuchumaa naye, magoti yakilia, vichwa viwili vikiinamia jaruba moja. Bi Alima aliacha kushona. Alitamani mwanawe angekuwa hai aone.

Alhamisi darasa lilijaa hadi madirishani. Zuleica hakuwamo. Alikaa nyumbani, mlango umerudishwa, kama apasavyo mtu ambaye jambo lake linasemwa. Bi Alima aliketi na wenziwe kwenye mikeka.

Bi Haula aliposimama, watu walidhani anasimama kwa ajili ya ghala. Alianza na salamu, kisha akamwomba Dona Rosita aangaze ile picha ya bendera kutoka kompyuta ya Zuleica, iliyoletwa mezani. Ikaangazwa.

"Mimi ni msemaji wa Zuleica," akasema, na mnong'ono ukapita chumbani. "Nimekubali kabla ya kumpenda, na nitawaambia kweli yake yote. Umeme hamtaupata karibuni. Wengine wetu tutazikwa kwa taa za mafuta. Mkimpa yeye, ghala linangoja mwaka mwingine, na masika yanakuja. Hayo ndiyo mabaya, nimeanza nayo."

Akaonyesha ukuta kwa kidole.

"Hii ni orodha ya wachangiaji wa karamu. Nimezitazama hizi bendera moja moja. Sisi hatumo. Na chembe wanazopika zinatoka baharini, bahari hii tunayoianika sisi kila siku ya Mungu. Gesi ilipokuja, tulisikia habari wakati chungu kimekwisha kuinjikwa, na wageni wameketi. Asiyechanga haulizi nyama imekwenda wapi. Hili bado jipya. Kuni bado zinatafutwa. Tukichanga leo, hata kidogo, kesho tutauliza, na atakayeuliza kwa niaba yetu ni mtoto tuliyemfunga ubeleko wenyewe. Kazi yake ni kuutazama moto ajue hali yake bila kuugusa. Nimempima jarubani. Ana macho."

Kisha Yara, mama kijana mwenye pacha, akasimama na mtoto mmoja ubavuni. Alisema maneno ya Bibi Haula ni matamu, lakini yeye ana magunia sita, na masika yaliyopita aliyapoteza manne. "Chumvi yangu nitaiweka wapi? Ndani ya jua?"

Watu walicheka, lakini si kwa kumbeza. Wengi walikuwa na swali lile lile.

Bi Alima alijikuta amesimama. Hakuwa amepanga. Mlezi hasemi katika jambo la mtoto wake, lakini hili lilikuwa jambo la Yara.

"Chumba cha Zuleica kina bati jipya na sakafu ya simenti," alisema. "Yeye hulala humo siku ishirini kwa mwaka. Magunia ya Yara yalale humo masika haya. Na ya mwingine mmoja, yakienea."

Hapo mama mmoja akasema nyumba yake ina dari kavu, inachukua kumi. Mwingine akasema ana kihenge cha mahindi kilicho kitupu. Aiuba, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu mwanzo kwa kujua ameleta mtafaruku, akasema chumba cha nyuma cha ofisi ya bairro kimejaa viti vibovu tu, naye atavitoa kwa mikono yake. Mwanamke aliyekuwa nyuma akamwambia aanze leo, asingoje mkutano. Yara alikaa chini polepole. Mikono ya wanaompa Zuleica ilipoitwa, wake ulichelewa, ukapanda.

Dona Rosita alihesabu mara mbili, kisha akaandika jina la Zuleica. Haula alikuwa bado amesimama.

"Kuna sharti. Mchangiaji huandikwa."

Akaitwa Zuleica. Alikuja amejifunika ushungi, macho chini, hivyo hivyo inavyopasa, na Bi Alima akajua kwamba safari hii kuna mtu amemfundisha. Aliketi mbele ya kompyuta, akauliza kwa sauti ndogo waandikwe wapi.

"Si chini kabisa," Haula akasema. "Wala si juu, tusionekane washamba."

Herufi zikaanza kutokea ukutani, kati ya bendera na bendera. Bi Alima alisoma madrasa na miaka mitatu ya shule ya jioni, na husoma kwa kutafuna. Alisogeza midomo, akazikusanya moja moja: Wanawake wa Chumvi, Mocímboa da Praia. Akarudia kuhakikisha. Vigelegele vilianza karibu na dirisha, vikazunguka darasa zima, na Dona Rosita, mtu wa ofisi, alitoa kitambaa akajipangusa macho kisha akajifanya anafuta miwani.

Ijumaa baada ya swala, Zuleica alitoka kushukuru nyumba kwa nyumba, kama afanyavyo bibi harusi kwa waliomchangia, na bibi yake akifuatana naye hatua moja nyuma. Kwa Yara alibeba pacha wote wawili. Penginepo alipewa korosho, penginepo kipande cha samaki mkavu kilichofungwa kwenye gazeti, na kila mahali aliulizwa kama Ureno kuna baridi, na nani anampikia. Kesho yake alikuwa anasafiri, na uwanja wa Bi Alima ulikuwa umeanza kupokea magunia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Haula. Aliwakaribisha barazani, akalalamika kwamba wamechelewa na uji umepoa, kisha akauwasha moto tena mwenyewe. Zuleica alipiga goti, akaanza shukrani alizozipanga. Haula alimwinua, akamfungua kitambaa kiganjani, akatazama malengelenge, akapuliza kidogo kama anavyopulizwa mtoto aliyeanguka.

Wakanywa uji. Walizungumza habari za baridi na za jaruba lile la mwisho, ambalo lilikuwa limevunwa asubuhi, si jioni, na chumvi yake ilitoka nzuri. Gari la kesho lilikuwa la alfajiri, na nguo hazijafungwa. Bi Alima akainuka kuaga.

Haula aliushika mkono wa Zuleica akawa hauachi.

"Umekaa kidogo," alisema. "Leo umekuja kushukuru, na kuja kushukuru hakuhesabiwi kuwa umenitembelea. Ukirudi, uje tena kwangu, mwanangu. Uje ukae."